Kadi ya Italia imeisha, ya kudumu haijatoka, na kadhi wa Malindi ameniita. Nitaweza kurudi?

binti_maweni (18 Agosti, saa tano usiku)

Assalam aleikum jamani, wa nyumbani na wa ng'ambo. Nina swali, naomba wanijibu wanaojua kweli, si wale wa "nimesikia", maana mpaka sasa nimeuliza watu watano nikapata majibu saba.

Mie niko Italia tangu 2018, karibu na Milano, natunza wazee, nonna (yaani bibi) niliye naye sasa ana miaka 91. Permeso yangu, ile kadi ya ruhusa ya kuishi huku, ilikuwa ya miaka miwili miwili, nikachoka na foleni, na nishatimiza miaka mitano na mtihani wa Kiitaliano wa A2 nimepita, basi mwezi wa tatu nikajaza ile bahasha ya posta yenye mstari wa njano kuomba ile ya kudumu, wenyewe waiita ya muda mrefu. Nikalipa vyote, ile stempu ya euro 16, posta 30, kadi yenyewe 30 na senti, na juu yake 100 kwa sababu ni ya kudumu. Mama wa posta akanipa risiti na karatasi ya tarehe ya kwenda kuweka alama za vidole kwestura, ile ofisi ya polisi inayotoa kadi, 21 mwezi wa kumi. Kadi ya zamani nayo imeisha mwezi wa sita. Kwa hiyo nilicho nacho mkononi ni pasipoti ya Kenya, kadi iliyokufa, na kile kikaratasi cha posta ambacho nakitunza kama hirizi.

Sasa balaa lenyewe. Baba alifariki 2022 akaacha shamba Mambrui, minazi, miembe na kiwanja upande wa barabara. Ndugu zangu wa kiume miaka yote kimya, mwaka huu katokea mnunuzi, wanamwita mwekezaji, ndio mirathi imekumbukwa. Kesi iko kwa kadhi hapo Malindi, tarehe ni 24 mwezi wa tisa. Mama mdogo kanipigia usiku akaniambia, mwanangu usipotokea watakugawia upepo.

Nauliza hivi. Naweza kutoka Italia na kurudi kwa risiti hii? Nimeona tiketi nzuri yapita Frankfurt mpaka Nairobi halafu ndege ya ndani nashuka Malindi, bei euro 540 kwenda na kurudi, niichukue? Na jengine, baba alipofariki nilikaa nyumbani miezi minne na nusu, tena 2024 nilikuja Ramadhani miezi miwili, nikiongeza hii wiki tatu si ndio watasema siishi Italia nawachezea?

Samahani kwa urefu, ndio nimemlaza nonna saa hizi.

pwani_tu

Usiende dada. Ukitoka maombi yakiwa bado yako ofisini yanafutwa papo hapo. Jirani yangu hapa Barani mtoto wake yalimkuta hayo, akaanza kila kitu upya. Tuma mtu.

binti_maweni

Yalimkuta Italia?

pwani_tu

Ng'ambo. Sikuuliza nchi.

mlamu_wa_ohio

Haha pwani_tu wataka kumuua mtoto wa watu kwa presha. Hiyo unayoisema ni Marekani, na huko ni kweli, mie ndio shahidi.

Mimi ni wa Lamu, Langoni, nimeoa huku nikajaza I-485, ile fomu ya kuomba grini kadi, kadi ya kuishi Marekani kwa kudumu, ukiwa ndani ya nchi. Huku sheria yao ni kwamba ukipanda ndege kabla hujapata karatasi ya ruhusa ya kusafiri wanahesabu umeyaacha maombi mwenyewe, hawakuulizi ulikwenda kuzika ama kuoa. Karatasi hiyo waiita advansi paroli, yaombwa kwa fomu I-131. Nilipojaza mimi 2022 ilikuwa haina malipo ukiipeleka pamoja na ile kubwa, lakini tangu Aprili 2024 yalipiwa mbali, dola 630, na si kwamba ukilipa leo kesho wapata, yangu ilikaa miezi saba. Katikati ya hiyo miezi saba bibi yangu akafariki. Bibi aliyenilea. Nikazika kwa simu, binamu ameishika juu pale makaburini naona kanzu tu na mchanga, mara mtandao wakatika, nikarudishiwa picha watu washaanza kutawanyika.

Baadaye ndio naambiwa kumbe kuna njia ya dharura, wapiga simu uhamiaji waeleza, wapewa siku ya kwenda ofisi yao ya karibu na fomu, picha, malipo na barua ya hospitali au cheti cha kifo, na wanaweza kukupa pale pale. Sikujua. Nawaandikia wengine wajue. Walio na visa ya kazi ya H-1B au L-1 ambayo bado hai hao wana nafuu, wanaweza kutoka na kurudi kwa visa yao bila ile karatasi na maombi yakabaki. Na yeyote aliyewahi kukaa Marekani bila makaratasi zaidi ya siku 180 asithubutu kufika uwanja wa ndege kabla hajaonana na wakili, maana ukitoka waweza kufungiwa miaka 3, na ukizidisha mwaka ni 10. Hata ukiwa na ruhusa, ukirudi wakuingiza chumba cha pembeni wakae na faili lako, mie nilikaa saa mbili na nusu mwaka juzi naangalia ukuta.

Lakini binti_maweni wewe uko Italia, mambo yako ni mengine kabisa, subiri waje wa huko. Usichukue ushauri wangu na usichukue wa jirani wa Barani.

mama_wa_watamu

Nimekuja. Binti Maweni, Frankfurt ACHANA NAYO. Soma polepole, mie nimekaa Italia miaka 14, na nusu ya hiyo miaka nilikuwa natembea na vikaratasi kama chako.

Risiti ile ya posta si karatasi ya kufungia viazi karai, ina nguvu. Umeomba kwa wakati, kadi ikaisha ukiwa wasubiri, haki zako ziko vilevile mpaka wajibu, wafanya kazi, waenda kwa daktari wako, na waweza kwenda kwenu ukarudi. Maombi hayafutwi kwa kusafiri. Ila nguvu yake ni ya Italia peke yake. Mjerumani haimhusu, Mholanzi haimhusu, Mfaransa ndio usimwonyeshe kabisa. Kwa hiyo sharti ni hili moja na ndilo linalomaliza watu: usikanyage nchi nyengine yoyote ya Schengen, zile nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, kwenda wala kurudi, hata kama ni kubadilisha ndege saa moja.

Watu hawaelewi kwa nini, wasema mimi sitoki nje ya uwanja. Sikiza. Kutoka Milano kwenda Frankfurt ni kama kutoka Malindi kwenda Kilifi, hakuna anayekugongea pasipoti. Muhuri wa kutoka Ulaya wapigwa kule Frankfurt, na askari wa kule atakachoona ni kadi imeisha mwezi wa sita na karatasi ya Kiitaliano ambayo kwake ni sawa na risiti ya duka. Kurudi ndio mbaya zaidi, kwa sababu mlango wa kuingilia Ulaya wawa ni kule, si Italia. Wewe wataka mlango wako wa kutokea na wa kuingilia wote uwe kwa Mwitaliano.

Mie nitakwambia yaliyonikuta. Mwaka 2017, kadi yangu iko kwenye matengenezo vivyo hivyo, nikaja nyumbani salama kwa njia nzuri, kurudi nikadanganyika na bei nikanunua tiketi ya kupitia mji mmoja wa Ulaya, kampuni siitaji. Nafika kaunta Nairobi, kijana akaishika risiti yangu kwa vidole viwili, akaigeuza nyuma akaigeuza mbele, kama mtu anayetafuta jina la leso, akaniuliza "mama hii ni risiti ya nini, ulinunua nini?" Nikaeleza mpaka mate yakanikauka. Akaita mkubwa wake, mkubwa akaangalia kompyuta, akasema hatuwezi kukubeba, tukikufikisha kule wakikukataa tutapigwa faini sisi. Na mbaya ni kwamba alisema kweli. Nikakaa juu ya sanduku langu kilo 23, ng'onda na achari ndani, nalia kama mtoto. Pesa ya tiketi haikurudi. Nikanunua nyengine siku ya tatu, Nairobi Addis Roma, kwa pesa niliyoweka ya mabati ya nyumba ya mama. Mabati yalingoja mwaka mwengine.

Basi fanya hivi. Tafuta ndege inayotoka Italia na kutua nje ya Schengen moja kwa moja. Ethiopian yapita Addis na yashuka Mombasa kabisa, huna haja ya kupanda mpaka Nairobi. Kuna ya kupitia Doha, kuna ya Istanbul, zote hizo si Schengen, uliza tu kama zafika mpaka Mombasa. Na msimu wa watalii ukiwepo kuna zile za moja kwa moja kutoka Malpensa, uwanja wa ndege wa Milano, mpaka Mombasa wanazopanda hawa hawa Wataliano wetu wa Malindi na Watamu. Ila uliza sana, kuna ndege zatoka Milano zatua kwanza mji mwengine wa Ulaya kuchukua watu ndio zinyooke, kwenye tiketi utaona herufi tu "kituo 1". Hiyo usiguse.

Ukitoka beba risiti ASILI, si foto, si nakala (nakala bakisha kwa nonna). Kadi iliyokufa usiitupe wala usiiache, ndiyo inayoonyesha wewe ulikuwa nani kabla. Pasipoti. Karatasi ya tarehe ya vidole. Kule mbele kwa risiti kuna namba za kuingilia mtandaoni kuangalia maombi yako yamefika wapi, ingia uprinti ule ukurasa unaosema yanashughulikiwa, kwa tarehe ya karibu. Na printi pia maelezo ya polisi wa Italia wenyewe kuhusu kusafiri kwa risiti, si kwa sababu ya Mwitaliano, yeye ayajua, ni kwa sababu ya yule kijana wa kaunta Mombasa.

Wale mnaosoma ambao kadi zenu za zamani bado hazijaisha, hata kama mshaomba ya kudumu, nyinyi hamna shida hii, safirini kama kawaida kwa kadi yenu mpaka tarehe yake ifike. Na aliyefika mara ya kwanza kabisa, hajawahi kupata kadi, yeye risiti yake yaenda pamoja na ile visa aliyoingia nayo, asiiache.

Siku ngapi umekaa nje nitakujibu baadaye, mjukuu ameamka.

binti_maweni

Mama Mungu akuweke. Nilikuwa nishaingiza namba ya kadi ya benki kwa ile ya Frankfurt, nimefunga simu mkono unatetemeka.

Hiyo ya Addis mpaka Mombasa naona ni karibu 850. Nitamkopa mtoto wa nonna, ataninunia lakini atatoa.

mzee_wa_mambrui

Salaam. Mwanangu, kwani ni lazima uje wewe? Waweza kuweka wakili wa hapa, au kumwandikia ndugu unayemwamini hati ya uwakala, waenda ubalozi wa Kenya Roma unasaini mbele yao wanagonga muhuri, waituma. Kadhi aipokea. Gharama yake si kama ya ndege. Mie nimeona watu wa Mambrui walioko Uarabuni wafanya hivyo kila siku.

Pili, fungu lako wewe binti ni nusu ya la ndugu yako wa kiume, hilo hakuna wa kulifuta, liko kwenye Kur'ani, si hisani yao. Usije na hofu, njoo na kitambulisho na cheti cha kuzaliwa.

Tatu, juu ya hayo ya makaratasi. Mtoto wa ndugu yangu alikuja likizo kadi yake ikiwa hai, akalala hapa mpaka ikaisha, hata maombi hajapeleka. Akaambiwa ubalozi wa Italia Nairobi wanatoa visa ya kurejea, lakini kadi iwe haijapita siku 60 tangu iishe, ukiwa na ugonjwa mkubwa wako au wa mzazi, mke au mtoto ndio waongeza mpaka miezi sita. Yeye alikwenda siku ya 70 na kitu, na hakuwa mgonjwa, alikuwa mvivu. Mpaka leo yuko hapa anauza madafu.

binti_maweni

Baba shikamoo. Hiyo ya uwakala nimeifikiria, tatizo ndugu ninayemwamini ndiye huyo huyo anayeuza 😅 Na wakili naogopa, naskia mawakili nao wapenda mashamba. Nataka kuuona ule mpaka kwa macho yangu, mwembe wa boribo uko ndani au umeshatolewa nje.

mzee_wa_mambrui

Marahaba. Mwembe uko. Nilipita Ijumaa. Wameweka vigingi vipya lakini.

binti_maweni

Vigingi!! Nakuja.

mama_wa_watamu

Nimerudi. Sasa habari ya zile siku za kukaa nje.

Hesabu yao ni hii, katika ile miaka mitano unayoombea usiwe umekaa nje miezi sita mfululizo au zaidi, na ukijumlisha safari zote isipite miezi kumi. Wewe una minne na nusu, na miwili, ni sita na nusu. Ukiongeza wiki tatu huifikii kumi. Uko salama. Na hata anayezidisha, kama ni kwa ugonjwa mkubwa au sababu nzito yenye karatasi, sheria yamsikiliza, ndio maana nawaambia watu wekeni cheti cha kifo, barua ya hospitali, kila kitu. Kaa chini na pasipoti yako, fungua muhuri mmoja mmoja, andika siku ya kutoka na ya kurudi kwenye daftari. Usikisie. Kuna mwenzangu tulikuwa naye Brescia alikuwa anasema "nilikaa kama miezi mitano", kuja kufungua pasipoti ni miezi sita na siku nne. Zile siku nne alikuwa amengoja harusi ya jirani.

Ukishaipata ya kudumu hesabu yabadilika, hapo unaipoteza ukikaa nje ya Ulaya miezi kumi na miwili mfululizo. Wengi wa Malindi wameipoteza hivyo, wajenga nyumba, fundi awachelewesha, mwaka wapita.

Tarehe ya vidole USIIKOSE. Hapo ndipo ninapokuombea. Ukikosa waweza kwenda kueleza na ushahidi wakupe siku nyengine, lakini wategemea nani amekaa dirishani siku hiyo, na maombi yaliyoachwa yaweza kufungwa. Kesi 24 mwezi wa tisa, vidole 21 mwezi wa kumi, rudi wiki mbili kabla. Ndugu zako wakisema kaa tumalize, waambie mmalize nyinyi.

shela_malindi

Jamani na sisi wa huku? Mume wangu ni Mtaliano, twakaa Malindi, ameomba ukaazi wa kudumu wa Kenya kama mume wangu maana twatimiza miaka minne ya ndoa. Mamake ni mgonjwa kule kwao, akienda atarudi kama nani? Kuna mtu kamwambia aombe tu eTA, ile ruhusa ya mtandaoni ya kuingia Kenya, kama mtalii.

mama_wa_watamu

Asithubutu hiyo ya utalii. Ana pasi gani sasa?

shela_malindi

Ile ya mtegemezi wangu. Yaisha mwezi wa pili.

mama_wa_watamu

Basi bado hai, atoke nayo arudi nayo, wenye pasi halali ya Kenya hawahitaji eTA. Akiingia kama mtalii ndio ajichanganyia, faili lasema anaishi, muhuri wasema anatembea. Arudi kabla ya mwezi wa pili, na kama maombi yatakuwa hayajajibiwa ahuishe pasi yake mapema kwa uhamiaji, asiseme nangoja ile kubwa. Ya ndoa ni kuanzia miaka mitatu ya kuoana kwa hiyo hapo amekidhi. Uraia ndio miaka saba, msije mkachanganya.

shela_malindi

Ahsante. Yeye hapa anasema kumbe Kenya na Italia makaratasi ni ndugu.

mlamu_wa_ohio

binti_maweni ulisafiri? Naona kimya.

binti_maweni (9 Oktoba)

Nimerudi jana usiku, mwili wote bado uko Malindi. Ngoja niwape yote.

Kutoka Malpensa hata sikuulizwa sana. Askari akaangalia pasipoti, kadi iliyokufa, risiti, akagonga, dakika mbili. Addis, Mombasa, kutoka Mombasa nikapanda matatu mpaka Malindi nikashuka na vumbi langu, mama mdogo kanipikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, nikala nikalala saa kumi na tatu.

Kurudi, pale kaunta Mombasa, kama mlivyosema. Kijana mdogo, mpole. "Dada, kadi yako imeisha." Nikamwambia naam, na hii ndiyo risiti. Akasoma, wapi, Kiitaliano chote. Nikatoa faili, mama wa watamu ungeniona, nimepanga kwa plastiki moja moja, ukurasa wa maombi, maelezo ya polisi, tarehe ya vidole, tiketi inayoonyesha Addis halafu Milano hakuna kati. Akapiga simu kwa mkubwa wake. Mkubwa akaja, akapiga simu kwengine. Sanduku langu liko juu ya mkanda haliendi wala halirudi, nyuma yangu kuna familia ya Wataliano wamechomwa na jua wekundu kama kamba wa kuchemshwa, wananung'unika. Mie nikaona hapa nisinyamaze, nikawageukia nikawaelezea kwa Kiitaliano nini kinaendelea, yule mzee akachukua risiti akaisoma kwa sauti, akamwambia mkubwa kwa Kiingereza cha kuvunjika kwamba hii kwetu ni sawa, mfanyakazi wa mama yangu pia anayo. Sijui kama ndiye aliyesaidia au ni ile simu, lakini dakika arubaini nikapewa pasi ya kupandia ndege.

Malpensa nikadhani ndio vita vyenyewe. Askari kijana, akaangalia, akauliza ulikuwa wapi, nikasema Malindi. Akainua kichwa. "Malindi! Mimi nilikwenda Watamu na mke wangu." Akaanza kuniuliza kama ule mgahawa wa pizza karibu na ufuo bado upo, nyuma watu wanangoja. Nikamwambia upo, sijui hata ni upi. Akagonga muhuri.

mama_wa_watamu

Alhamdulillah!! Na huo mgahawa ulifungwa zamani 😂

mzee_wa_mambrui

Na kwa kadhi?

binti_maweni

Baba, si ulikuwepo nje pale chini ya mti, nilikuona. Tarehe 24 tumefika wote, mie nimevaa buibui jipya, kadhi anaita majina, ndugu yangu mkubwa akasimama akasema kuna hati ya shamba bado hajaileta. Akaulizwa iko wapi, akasema anaitafuta. Kadhi akaahirisha mpaka 14 Januari. Dakika kumi zote, na euro 850 za watu.

Ila shamba nimeliona. Ule mwembe uko ndani, nimeupiga picha na nimepiga picha kila kigingi, na nimemwachia mama mdogo nakala za vyeti vyangu vyote. Mwekezaji nilimkuta amekuja na gari, nikamsalimia kwa Kiitaliano maana kumbe ni Mtaliano, akashtuka, hakuambiwa kwamba kuna dada.

pwani_tu

Kwa hiyo Januari waenda tena, na kadi itakuwa imetoka?

binti_maweni

Vidole ni Jumanne ya tarehe 21, baada ya hapo wanasema miezi, hawasemi mingapi. Kwa hiyo hirizi yangu naiweka tena kwenye plastiki. Mwenye kuona bei nzuri ya kupitia Addis kati ya tarehe 8 na 12 Januari anitumie wasap, na mwenye ng'onda za kutuma nitabeba, samaki wakaguzi wa Malpensa hawakunisumbua, nyama na maziwa ndio msinipe.

mlamu_wa_ohio

Ukipita Addis mie huku Ohio ng'onda nitazipataje sasa

binti_maweni

Omba advansi paroli uje uchukue mwenyewe 😂